Matanga ya Zawadi Ng'ambo ya Lualaba

Hapa Alunguli namjua mtu mmoja tu aliyewahi kwenda nyumba kwa nyumba kuwashukuru watu waliomlilia kwenye matanga yake mwenyewe. Ni jirani yangu Zawadi, mjane wa Ayoubu wa reli. Mimi ni Albertine, fundi wa kushona, na kibaraza changu kinatazama uwanja wake. Kama kuna mtu wa kusimulia maisha yake bila kutia chumvi nyingi, ni mimi. Kidogo nitatia, kwa sababu hata yeye mwenyewe hutia.

Ningeiacha habari hii ipumzike kama si watu wa tume ya uchaguzi kuja mwaka huu na ramani yao. Mji wetu wa Kindu wote, ng'ambo zote mbili za mto, huchagua pamoja wabunge wake wa bunge la jimbo. Sasa palikuwa na pendekezo la kuukata mji: ng'ambo ya stesheni iwe eneo lake la uchaguzi, Alunguli iwe lake, na mpaka upite katikati ya maji. Kabla ya kuamua walitaka kusikia wakaaji wanasemaje. Wengi tulifurahi. Mimi nilifurahi kupita kiasi, maana nimechoka na wabunge wanaovuka kuja kwetu siku za kampeni tu, viatu vyao vimefungwa kwenye mfuko visilowe. Tukiwa na mbunge anayelala huku kwetu, tulisema, tutapata umeme, na siku moja hata daraja.

Zawadi hakufurahi. Aliposikia neno mpaka na neno maji yametajwa kwa pumzi moja, aliweka chini kisu alichokuwa anakatia sombe, majani ya muhogo, akaingia ndani, akafunga mlango mchana kweupe. Nilimfahamu tangu tukiwa wasichana, na nilijua amerudi wapi.

Amerudi kwenye vita. Lakini ili muelewe vita vyake, lazima kwanza niwaonyeshe ukingo wetu ulivyokuwa kabla yake.

Ayoubu alifanya kazi ya kuunganisha mabehewa stesheni, ng'ambo ya pili. Kila asubuhi alivuka kwa mtumbwi pamoja na wanaume wengine wa Alunguli, na jioni walirudi wakinuka mafuta ya mashine, wakibishana kuhusu treni iliyochelewa kutoka Kibombo. Simu hazikuwapo. Mke aliyetaka kumpa mume habari za nyumbani alishuka kwenye mawe ya kufulia, akafua kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga, akakitandaza kwenye majani ya ukingo unaotazama stesheni. Kila nyumba ilikuwa na pahali pake na rangi yake. Ya Zawadi ilikuwa ya manjano yenye maua makubwa, kikwembe alichovishwa siku ya harusi. Ayoubu akikiona alijua nyumbani ni salama, afanye kazi yake kwa raha. Asipokiona hadi jioni, alijua asipitie kwa marafiki, aje moja kwa moja. Cheusi kilikuwa cha wote. Nyumba ikitandaza cheusi, ndani kuna maiti, na mume aliacha kila kitu akavuka.

Wanaume saa ya kupumzika walisimama mwisho wa reli, mikono juu ya macho, kila mmoja akitafuta pahali pake. Sisi wanawake tulicheka, tukisema wanatutazama vizuri zaidi wakiwa mbali kuliko wakiwa kitandani. Nikikumbuka yale majani yalivyojaa rangi, na jua linakausha, na watoto wanakatazwa kukanyaga, nasikia uchungu mtamu. Tulikuwa hatuna kitu, lakini mchana wa Alunguli ulikuwa unapendeza. Siku hizi tunakausha nguo nyuma ya nyumba, kwenye kamba, zisiibwe.

Halafu vita. Asubuhi moja Ayoubu alivuka kwenda kazini kama kawaida, na kabla ya saa sita mto ukafungwa. Mji ulikuwa na wenye bunduki wake, msitu ulikuwa na wengine, na sisi watu wa kawaida tulibaki tunatazamana juu ya maji. Mtumbwi uliothubutu kwenda katikati ulipigwa risasi. Walisema ni kwa siku chache. Zilikuwa miezi na miezi, na ng'ambo zote mbili zilikufa njaa, sisi bila chumvi, wao bila muhogo.

Zawadi alibaki na mtoto wake Neema, ambaye alikuwa bado ananyonya. Kila siku alishuka ukingoni kutandaza manjano yake. Hakujua kama kuna mtu anayeiona. Nilimwambia aache, risasi hazina macho. Alinijibu kwamba mume wake hana chakula huko, angalau apate hicho cha kutazama. Baadaye tuliambiwa kwamba Ayoubu kweli alikuwa anakiona, na kwamba kila adhuhuri alisimama mwisho wa reli hata wakati ambapo hakuna treni, hakuna kazi, hakuna mshahara, na wenzake walimwachia njia.

Kisha Neema akashikwa na homa kali. Mama mmoja aliyekimbia kutoka Pangi alikuwa na vidonge vya malaria vimefungwa kwenye ncha ya nguo yake, na alikuwa anatetemeka kwa baridi. Zawadi alimpa kikwembe cha manjano, akachukua vidonge. Mtoto akapona. Kwake likawa jambo limekwisha, kwani nani angefikiri zaidi? Alibaki na kikwembe cha kuvaa na kingine cheusi, cha msiba wa mama yake. Asubuhi moja ya ukungu mzito alikifua kile cheusi, akakitandaza pahali pake, akijua hakuna jicho litakalopenya ukungu ule. Akapanda kumwangalia mtoto, akasinzia kwa uchovu. Alipoamka jua lilikuwa kali na mto unaonekana wazi hadi ng'ambo.

Ayoubu alikiona. Hakuweza kuvuka. Alijua nyumbani kwake kuna maiti, ila hakujua ni nani, mkewe au mwanawe. Akangoja manjano. Alijiambia kama ni mtoto aliyekufa, Zawadi atamaliza kulia na siku moja ataitandaza tena. Manjano haikutokea siku ile, wala iliyofuata, wala mwezi ule. Akajijibu mwenyewe.

Alikuwa akilala kwa Okito, mwenzake wa reli, na mke wa Okito aliitwa Gisèle. Hao ndio waliomfanyia Zawadi matanga. Nataka mfikirie vizuri: mji umezingirwa, watu wanakula majani ya viazi bila mafuta, na uwanja wa Okito ukajaa. Mmoja alileta kikombe cha mchele alichokuwa ameficha, mwingine kuni, mwingine mkeka tu na sauti yake. Waislamu walimsalia maiti asiyekuwapo. Wakatoliki waliimba. Gisèle alilia hadi sauti ikamkauka, naye Zawadi alikuwa hajawahi kumwona maishani, isipokuwa lile doa la manjano upande wa pili wa maji.

Mto ulipofunguliwa, Ayoubu alivuka kwa mtumbwi wa kwanza kabisa, kichwa kimenyolewa, aje atafute kaburi na amtafute mtoto kama yupo. Alimkuta Zawadi anapuliza moto jikoni. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimekuja kuomba kaa la moto. Ayoubu alikaa chini mavumbini palepale. Zawadi alidhani ni njaa, akamletea maji. Aliyanywa yote, ndipo akafungua mdomo.

"Nilikulilia," alisema.

Zawadi alimwangalia kile kichwa kilichonyolewa, akaelewa polepole. Mwingine angepiga kelele. Yeye aliketi mbele yake, akamwekea Neema magotini.

"Watu walikuya wengi?" aliuliza.

"Walikuya wote. Hata wale hatuzungumuze nao."

"Basi ulinililia muzuri," alisema Zawadi, na ndipo wote wawili wakaanza kulia kwa pamoja, nami nikasahau kaa langu.

Kwetu aliyekuja kwenye matanga yako lazima ashukuriwe, na siku yake ikifika lazima nawe uende. Kwa kawaida wanaoshukuru ni wafiwa. Zawadi alisema kazi hiyo hampi mtu, maiti ni wake. Akavuka, akaanza kwa Gisèle. Alipobisha na kujitambulisha, Gisèle alimshika mashavu, akampapasa masikio kama anayenunua mbuzi, kisha akamgombeza vikali kwa ule mchele uliopikwa bure. Kutoka pale walizunguka pamoja nyumba zote. "Nimekuya kushukuru, mulinililia." Watu walikimbia, wengine walicheka, mzee mmoja alitaka arudishiwe mkeka wake. Kuanzia hapo ng'ambo ya stesheni walimwita Marehemu, na hadi leo akipita sokoni kule wauza samaki humwita hivyo kwa heshima kabisa.

Deni la machozi ni refu. Zawadi ameenda kwenye misiba yao yote, na harusi zao, na uzazi wao. Okito alipofariki, alikaa na Gisèle hadi arobaini ikaisha. Uchaguzi wa kwanza baada ya vita ulipofika, Ayoubu, ambaye alikuwa ameshamnunulia kikwembe kingine cha manjano kinachokaribia kile cha zamani, alitaka wajiandikishe kule karibu na stesheni badala ya huku, ili kila aliyemlilia mkewe amwone amesimama kwenye mstari, mzima, na kadi mkononi. Nakumbuka siku ile. Mitumbwi ilivuka imejaa watu waliovaa nguo zao za sikukuu, na Zawadi katikati anang'aa. Tangu siku ile hakuna uchaguzi ambao hakuvuka.

Ayoubu naye akafa, hospitalini kule kule, na kwa kuwa alikuwa ameomba alale karibu na Okito, alizikwa ng'ambo ya stesheni. Zawadi alikubali kwa sharti moja, kwamba siku yake ikifika, avushwe. Alituambia sote, akatuapisha mmoja mmoja. Mpaka leo hutandaza manjano kwenye pahali pake pa zamani. Wengine hufikiri ni kwa ajili ya Ayoubu. Kuna hilo, lakini ni kwa ajili ya Gisèle pia, ambaye ni mzee sana sasa na nyumba yake inatazama maji. Wana simu wote wawili. Ila simu inataka umeme, na umeme wa Alunguli mnaujua.

Kwa hiyo nilipomfungulia mlango jioni ile ya habari za ramani, nilijua ninachokwenda kusikia. Nilianza kumweleza kwamba ni mambo ya kura tu. Alinikatiza.

"Mupaka mu maji mimi niliuona, Albertine. Walisema ni ya siku kidogo. Leo ni ya kura. Kesho wale watazoea kusema, wa Alunguli si wetu tena. Na mimi nikikufa, nani atavuka?"

Nilitoka nje, nikaokota kisu chake, nikammalizia kukata sombe.

Fadhili naye alijaribu. Fadhili ni kijana wa mtaa wetu, dereva wa pikipiki, na ndiye aliyekuwa akizunguka kuwashawishi watu wakubali mgawanyo. Humwita Zawadi nyanya, na kila siku hula kwake. Alimweleza kwa upole: mama zetu wanajifungulia kwenye mitumbwi, wagonjwa wanangoja ukungu upungue, na mbunge wa ng'ambo hawezi kuumia kwa mto asiouvuka. Yote ni kweli. Zawadi alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba yeye Fadhili alizaliwa baada ya mto kufunguliwa. Kijana aliudhika. Akaacha kuja kula, na Zawadi akaendelea kupika sufuria ileile kubwa na kumwaga kilichobaki. Nilikasirika na wote wawili.

Siku ya mkutano ilipofika, Zawadi alivaa manjano yake mwilini. Neema alikuwa amekuja kutoka Obokote, alikoolewa, kumsaidia mama yake ambaye magoti yanamsumbua. Tulimwacha Neema anashuka mtoni na beseni la nguo zote za nyumba, sisi tukaenda.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule, madirisha wazi. Mwenye kuongea kwa upande wa tume alikuwa kijana anayeitwa Désiré, mtu wa adabu, anafuta jasho na kumpa kila mtu nafasi. Fadhili alizungumza vizuri, nikampigia makofi. Wengine wakaunga mkono. Ndipo Zawadi akasimama, ameshikilia dawati. Wote walijua atakataa na hakuna aliyetaka kuwa wa kumjibu.

Hakukataa. Aliuliza.

"Mwanangu, ile laini yenye unachora mu maji, maiti inaweza kuivuka?"

Watu wa nyuma walicheka. Désiré hakucheka. Alimweleza taratibu kwamba mstari ule ni wa kuhesabia kura tu, hakuna askari atakayewekwa juu yake, kila mtu atavuka kama anavyovuka leo, aliye hai na aliyekufa.

"Na wenye kulia?"

"Nao pia, mama."

Zawadi hakuketi. Nilimwona anauchunguza uso wa yule kijana kama anapima kitambaa, na niliona hakijamtosha. Kijana alikuwa mwaminifu, lakini ahadi yake ilikuwa ya mdomo, na ahadi za mdomo kuhusu mto ule alikwisha kuzisikia. Machozi yalianza kumlengalenga. Nilinyanyuka nimshike mkono.

Hapo ndipo tuliposikia kilio.

Kilitoka chini, mtoni, kikapanda barabara ya bandari ndogo. Kilikuwa kilio cha zamani, kile cha wanawake wazee, mmoja anaanza na wengine wanapokea. Darasa zima likageuka madirishani. Wanawake wa ng'ambo ya stesheni walikuwa wanapanda, vichwa vimefungwa, wengine na mikeka kwapani, wawili wamebeba sufuria kubwa kwa mti. Mbele, na fimbo yake, alikuwa Gisèle, ambaye wajukuu wake humkataza hata kwenda kanisani peke yake. Walisikia watu wengi darasani, wakadhani matanga yako hapo. Wakaingia wanalia jina la Zawadi.

Gisèle alipofika kati ya madawati aliona manjano. Akanyamaza katikati ya kilio, mdomo wazi. Waliokuwa nyuma yake waligongana.

"Mama Neema," alisema. "Tena?"

Zawadi hakuelewa. Aliuliza ni nani aliyewaambia amekufa. Gisèle alijibu kwamba hawakuambiwa na mtu. Manjano haikuwapo tangu asubuhi, simu haikuita, na kwenye pahali pa Zawadi kimetandazwa cheusi. Wakati huohuo Neema akatokea mlangoni anahema, mikono ina povu la sabuni, maana aliwaona wakishuka mtumbwini wanalia na jina la mama yake, akawafuata mbio. Ni yeye aliyetandaza. Hadithi ya matanga aliijua tangu utotoni, sote tulimsimulia na kucheka, lakini tulimsimulia mchele na mzee wa mkeka. Habari ya rangi hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Zawadi alianza kucheka. Alicheka hadi akakaa, na alipokaa kicheko kikawa machozi, na Gisèle akaketi kwenye dawati lilelile la watoto, wakashikana, wazee wawili wamebanana. Nami nililia. Hata Fadhili aligeukia ubao.

Désiré alingoja, kisha kwa adabu yake akauliza kama mama hawa ni wakaaji wa Alunguli, kwa sababu maoni ya leo ni ya wakaaji tu.

"Sisi hatukuya kusema," Gisèle alimjibu. "Tulikuya kulia."

Kwa kuwa mchele wa matanga haurudishwi ulikotoka, tuliula palepale uwanjani mwa shule. Fadhili ndiye aliyepakua, na sahani ya kwanza alimpelekea Zawadi kwa mikono miwili. Gisèle alitangaza kwamba mara ya tatu Zawadi afe kweli, yeye amechoka kuvuka. Ng'ambo na ng'ambo tulikula pamoja, na kwa muda Alunguli ilikuwa kama ile ya zamani, nguo za kila rangi zimeketi kwenye majani.

Baadaye Désiré alikuja na kalamu yake, akainama mbele ya Zawadi. Alisema hakusikia jibu lake, na hapendi kuondoka bila jibu lake. Aandike nini?

Zawadi alikuwa anafuta sahani kwa kidole. Aliwatazama wale wanawake waliolala kwenye mikeka yao ya msiba, wameshiba, wengine wanakoroma.

"Andika Zawadi anakubali," alisema. "Chora laini yako, mwanangu. Watu wangu wanajua kuvuka."